Programu huria: Njia halali ya kuachana na nakala za wizi

SI jambo geni kwa anayefungua duka la kuchapa na kudurufu katika Kata ya Kashai, Manispaa ya Bukoba, kuwekewa na fundi programu za kompyuta zisizo na leseni. Gharama huonekana ndogo, lakini programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Aidha, nakala za wizi huweza kuja na virusi vinavyoharibu kazi za wateja.

Njia halali isiyodai ada ya leseni ni programu huria. Mtumiaji huruhusiwa kuzitumia kwa kazi yoyote, kuchunguza zilivyoundwa, kuzirekebisha na kuwagawia wengine. Richard Stallman wa Marekani alitangaza mradi wa GNU kwa msingi huo mwaka 1983. Mwaka 1991, Linus Torvalds wa Finland alitoa Linux, ambayo ni kiini cha mifumo kama Ubuntu.

Watanzania wamewahi kunufaika na uhuru huo. Desemba 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya IT+46 ya Sweden ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Haikuhitajika kuomba kibali cha mwenye programu, kwani leseni yenyewe iliruhusu tafsiri.

Kutoka OpenOffice ilizaliwa LibreOffice mwaka 2010. Hufungua faili za Word na Excel, ingawa mpangilio wa kurasa huweza kubadilika kidogo.

Suala hili lilipata uzito zaidi Oktoba 14, 2025, Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida ya Windows 10. Kompyuta nyingi za zamani hazitimizi masharti ya Windows 11, ilhali nyingi kati yake zinaweza kutumia Linux.

Anayetaka kuhama hana haja ya kubadili vyote kwa siku moja. Kwanza, aweke LibreOffice na Firefox ndani ya Windows aliyonayo, azizoee. Pili, aijaribu Linux kupitia flashi bila kuisimika, akikagua kama printa na vifaa vingine vinafanya kazi. Tatu, ahifadhi nakala za faili zake zote mahali pengine kabla ya kuisimika.

Mwenye programu maalumu ya uhasibu athibitishe kwanza kama inafanya kazi kwenye Linux. Isipofanya kazi, abaki na Windows yenye leseni kwa kazi hiyo.