Namba Iliyodhaniwa Tasa

Namba isiyogawanyika sawasawa ila kwa 1 na kwa nafsi yake huitwa kwa Kiswahili namba tasa. Neno hili ni zito, na alitamkaye juu ya namba fulani hudaiwa ushahidi. Makala haya yaeleza habari za namba moja iliyopewa jina hilo pasipo haki.

Mwaka 1644 Marin Mersenne, mtawa wa Kikatoliki mjini Paris, alizitaja katika kitabu chake namba zipatikanazo kwa kuchukua 2 katika kipeo fulani, kisha kutoa 1. Alisema kwamba katika vipeo visivyozidi 257 ni 11 tu vitoavyo namba tasa, kimojawapo kikiwa 67. Namba ya kipeo hicho ni 147,573,952,589,676,412,927. Mersenne hakuonyesha njia aliyoifuata, na kuzikagua tarakimu 21 kwa mkono kulikuwa kazi ya kuchosha. Basi heshima ya jina lake ikakaa mahali pa uthibitisho.

Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas, kwa kipimo alichokibuni mwenyewe, alifikia uamuzi kwamba namba hiyo si tasa. Ajabu ni kwamba kipimo chake hakikutafuta vigawo. Kilitazama masalio tu. Ikawa sasa yasemwa kwamba namba hiyo ina wana, wala hapana aliyeweza kuwataja.

Waliotajwa mwisho ni 193,707,721 na 761,838,257,287. Aliyewatoa ni Frank Nelson Cole, mbele ya Chama cha Hisabati cha Marekani, mjini New York, tarehe 31 Oktoba 1903. Eric Temple Bell alisimulia baadaye kwamba Cole aliandika hesabu zake ubaoni bila kusema neno, akapigiwa makofi. Na kwamba alipoulizwa kazi ilimchukua muda gani, alijibu kuwa ni Jumapili za miaka mitatu. Hayo na yapokewe kama simulizi. Lakini kuzidisha namba hizo mbili hakuhitaji msimuliaji: ye yote mwenye karatasi na subira aweza kukagua.

Tusimdharau Mersenne, kwani juu ya 31 na 127 alisema kweli. Hata hivyo alikosea pia juu ya 257, na akaviacha 61, 89 na 107, ambavyo vilistahili kuwamo. Kosa kubwa zaidi ni la waliopokea orodha yake bila kuipima.

Nasi wachunguzi wa lugha tunazo orodha zetu. Asili ya neno huandikwa katika kamusi moja, hunakiliwa katika ya pili na ya tatu, hata wingi wa nakala ukadhaniwa kuwa wingi wa mashahidi. Shahidi ni yule wa kwanza tu. Naye yafaa aulizwe amejuaje.