Kijana Mkristo wa Kabambare na Mambo ya Kisasa

Katika makanisa yetu ya mashariki mhubiri akitaja "mambo ya kisasa" tunajua kinachofuata: suruali za wasichana, mitindo ya nywele za wavulana, simu na muziki wa dunia. Makala hii inaeleza maisha ya kila siku ya kijana Mkristo katika teritwari ya Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, na jinsi vijana wa huko wanavyoyatazama mambo hayo. Tumewafikiria hasa wachungaji, wazee wa kanisa na viongozi wa vijana wa Uvira, Bukavu, Kalemie au Kindu, ambao huwapokea vijana hawa bila kujua wametoka katika mazingira gani. Tuseme mapema maoni yetu: huko Kabambare, jambo la kisasa lenye nguvu kuliko yote si vazi wala wimbo. Ni dhahabu.

Kabambare iko upande wa mashariki wa Kasongo, kwenye njia ya zamani iliyotoka Ziwa Tanganyika kwenda Mto Lualaba. Wenyeji wengi ni Wabangubangu, na pamoja nao wako Wababuyu, Wahombo na wengine. Kiswahili ni lugha ya soko, ya shule za chini na ya ibada. Watu hulima mpunga, mihogo, karanga na mahindi, na huchuma michikichi. Mvua ikinyesha, barabara hukatika, na mizigo husukumwa kwa baiskeli au kubebwa na pikipiki.

Wazee wengi husema kwamba zamani nchi ilikuwa imetulia katika desturi zake, ndipo usasa ukaja na simu. Historia ya Kabambare haisemi hivyo. David Livingstone alifika hapo mwaka 1869, akaandika jina la mahali kuwa Bambarre, na mwaka uliofuata alikaa miezi mingi akiuguza vidonda vya miguu. Katika nchi hiyo ya Manyema, kama alivyoiita, aliisoma Biblia nzima mara nne. Wakati huo misafara ya watu wa pwani ilikuwa imeshafika. Ilitafuta pembe za ndovu na watumwa, na tarehe 15 Julai 1871 Livingstone aliyaona kwa macho yake mauaji ya sokoni Nyangwe. Baadaye Hamed bin Muhammad, yaani Tippu Tip, alifanya Kasongo kuwa makao yake, mpaka askari wa Leopold II walipouteka mji huo Aprili 1893.

Misafara hiyo ilileta damu na minyororo, lakini ilileta pia mpunga, kanzu, nyumba za pembe nne, na lugha tunayoandikia makala hii. Kijana aliyevaa kanzu na kusema Kiswahili wakati ule aliitwa mwungwana, na bila shaka babu yake alimshangaa. Leo wali ni chakula cha sherehe zetu na Kiswahili ni lugha ya maombi yetu, na hakuna mzee anayeviita vitu vya kigeni. Majina nayo ni hivyo. Katika Maniema Mkristo anaweza kuitwa Ramazani, Amisi, Saidi au Shabani na asione shida yoyote. Emmanuel Ramazani Shadary, mwana wa Maniema aliyegombea urais mwaka 2018, ni mfano unaojulikana na wote.

Kuna pia wakati Serikali ilipojaribu kuamua utamaduni wa kijana. Mwaka 1972, katika siasa ya uhalisi, Mobutu alikataza majina ya ubatizo ya kigeni na kuvifunga vyama vya vijana vya makanisa ili wote waingie katika vijana wa chama cha MPR. Mwaka 1974 Noeli iliondolewa katika sikukuu za taifa, na shule za makanisa zikachukuliwa. Zilirudishwa chini ya usimamizi wa makanisa kwa mapatano ya mwaka 1977. Wazazi na babu za vijana wa leo waliambiwa kwamba kuwa Mwafrika wa kweli ni kuacha jina la Petro au Maria. Waliendelea kulitumia nyumbani na kanisani. Tunawakumbusha wasomaji jambo hili kwa sababu mara nyingine sisi wenyewe, tukihubiri juu ya "mila zetu", tunatumia maneno ya siasa ile bila kujua yalikotoka.

Sasa siku ya kijana. Huamka kabla ya jua. Msichana huenda mtoni au kisimani, kisha hufagia uwanja. Mvulana huenda shambani kwa saa moja au mbili kabla ya shule ikiwa shamba liko karibu. Wanafunzi huvaa shati jeupe na sketi au suruali ya bluu, kama nchi nzima. Tangu 2019 Serikali ilitangaza shule za msingi za umma kuwa za bure, na madarasa yakajaa. Lakini sekondari bado ina malipo, na hapo ndipo wengi hukwama. Anayefika mwisho hufanya mtihani wa Serikali. Akiipata diploma, swali linalofuata ni gumu kuliko mtihani: aende wapi? Chuo kiko mbali, kazi ya ofisi ni chache, na ualimu mara nyingi huanza kwa miaka ya kusubiri mshahara wa Serikali.

Mchana ni bugali na sombe, au wali ukipatikana. Jioni ni mpira, na baada ya mpira ni mazoezi ya kwaya. Ni vigumu kueleza kwa mtu wa mji mkubwa uzito wa kwaya katika kijiji. Hapo kijana hujifunza kusimama mbele ya watu, kutunza fedha za kikundi, kupatanisha waliogombana, kusafiri kwenda kuimba parokia nyingine. Wasichana wengi waliopata kuongoza chochote maishani mwao waliongoza kwanza kwaya au Ekodimu.

Usiku ni wa simu. Hakuna umeme wa kampuni. Simu huchajiwa kwenye kibanda chenye paneli ya jua, kwa malipo kidogo, na hapo hapo kadi ya kumbukumbu hujazwa nyimbo na filamu. Hivyo mwenye kibanda, ambaye pengine hana miaka ishirini, ndiye anayechagua muziki wa mtaa mzima. Kadi moja huwa na Rose Muhando, Dena Mwana, Fally Ipupa na Diamond Platnumz, wote pamoja. Kijana haoni mgongano mkubwa hapo. Ukimwuliza, atakujibu kwamba wimbo wa dunia ni wa kuchezea mpira na wimbo wa Mungu ni wa kusali. Mzee humjibu kwamba moyo ni mmoja. Kwa maoni yetu mzee ana haki kuhusu moyo, lakini hana haki akisema muziki wote wa nchi ni uchafu. Rumba ya Kongo iliandikwa na UNESCO katika urithi wa wanadamu mwezi Desemba 2021, na gitaa lile lile limo katika karibu kila kwaya yetu inayosifiwa. Ngoma nayo iliwahi kukataliwa na wamisionari wengi, na leo ibada bila ngoma tunaiona baridi. La kupima ni maneno ya wimbo: yanasema nini juu ya mwanamke, juu ya pombe, juu ya fedha. Kiongozi wa vijana asiyejua maneno hayo hawezi kusaidia.

Kuhusu mavazi hatutakaa sana. Kikwembe kinachotajwa kuwa vazi la Kiafrika kilifika kwa biashara ya nje, na suruali ya mwanamke ilikatazwa na Mobutu kabla ya kukatazwa na baadhi ya wahubiri. Msichana anayepanda pikipiki kwenda Kasongo ana sababu yake ya kuvaa suruali. Unyenyekevu na heshima ni mafundisho ya Neno, nasi tunayashika. Sentimita za kitambaa tunawaachia mama zao.

Jambo ambalo wageni hawalioni haraka ni ujirani na Waislamu. Kusini mwa Maniema familia moja huwa na Wakristo na Waislamu pamoja. Harusi au matanga yakifika, mara nyingi Mwislamu ndiye huchinja, ili ndugu wote wale sahani moja. Vijana tuliozungumza nao hawaoni kwamba wamesaliti imani. Mmoja alitutajia mwenyewe 1 Wakorintho 8, ambapo Paulo anawaandikia waumini juu ya nyama na dhamiri ya ndugu. Huo ni usomaji mzuri wa Maandiko, nao umeanzia jikoni. Katika miaka ambayo simu huleta video za chuki kati ya dini kutoka nchi za mbali, ujirani huu una thamani kubwa, na wanaoulinda ni vijana kuliko viongozi.

Tumefika kwenye dhahabu. Namoya, karibu na Salamabila, iko ndani ya teritwari ya Kabambare. Dhahabu yake ilichimbwa tangu enzi ya Wabelgiji. Kampuni ya Banro ya Kanada ilitangaza uzalishaji wa kibiashara huko Januari 2016, na mwaka 2019 kazi ikasimama kwa sababu ya usalama mbaya. Kuzunguka kampuni, kabla yake na baada yake, wachimbaji wa mikono wamekuwa maelfu, na makundi yenye silaha, kati yao Mai-Mai Malaika, yamepigana, yameteka watu na yametoza kodi njiani.

Kijana aliyekosa malipo ya shule husikia kwamba mwenzake amerudi na pikipiki. Haambiwi juu ya wale walioporomokewa na udongo, wala juu ya zebaki wanayochanganya kwa mikono mitupu ili kukamata dhahabu na kuichoma karibu na sufuria ya chakula. Sheria ya Kongo hairuhusu mtoto wa chini ya miaka 18 kufanya kazi mgodini, na kila mtu anayajua mashimo wanakofanya. Anakwenda kwa mwezi mmoja, ili apate fedha ya kumalizia mwaka. Mwezi huwa miaka miwili. Huko siku huhesabiwa kwa gramu: leo umepata, umekula, umenunua bia kwa wote, kesho huna kitu na una deni kwa mwenye shimo. Shamba linalongoja miezi kabla ya kutoa linaonekana ni la wajinga. Huu ndio utamaduni wa kisasa unaobadilisha akili ya vijana wetu, nao haumo katika mahubiri yetu juu ya nywele.

Sababu mojawapo tunaijua, ingawa ni vigumu kuiandika. Fedha ya dhahabu hufika kanisani. Mabati mapya, vipaza sauti na kinanda cha kwaya vinaweza kuwa vimetoka shimoni. Msichana aliyevaa suruali hana sadaka kubwa, kwa hiyo kumkemea ni rahisi. Mchimbaji aliyerudi na bahasha hukaribishwa kiti cha mbele, na hakuna anayemwuliza alilala wapi, na nani, wala nani alilipwa ili apite. Hatusemi sadaka yake ikataliwe. Tunasema aulizwe habari zake kama ndugu anavyoulizwa.

Dhahabu imegusa ndoa pia. Mahari imepanda karibu na migodi, maana baba wa msichana anajua bei ya gramu. Kijana mkulima hawezi kushindana. Basi naye huenda kuchimba, au wawili huanza kuishi pamoja bila baraka. Sheria ya Familia, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inataka miaka 18 kwa mume na kwa mke pia, na sheria ya kulinda mtoto ya 10 Januari 2009 imekataza ndoa ya utotoni. Hata hivyo msichana wa miaka 15 mwenye mimba hufanyiwa haraka "mpango wa familia", kisha kanisa humtenga na Meza ya Bwana, wakati mvulana yuko Salamabila na jina lake bado liko katika orodha ya kwaya. Vijana wanaona hivyo. Katika mazungumzo yetu, hakuna lalamiko lililorudi mara nyingi kuliko hili, na lilitoka kwa wavulana vilevile.

Zipo parokia zinazojaribu njia nyingine. Vikundi vya akiba na mikopo, vinavyoitwa AVEC mashariki mwote, vimefunguliwa kwa vijana na si kwa mama tu, ili malipo ya muhula yasimsukume mtu shimoni. Nyingine zimehamisha mazoezi ya kwaya yasiwe usiku. Kiongozi mmoja amemwomba mwenye kibanda cha kuchaji awe mjumbe wa kamati ya vijana, na sasa mahubiri husambazwa kwenye kadi zile zile za nyimbo. Ni mambo madogo, hayahitaji fedha ya kigeni.

Lipo pia jambo la barua. Muumini anayehama hupewa na kanisa lake barua ya utambulisho, naye huionyesha kwa mchungaji wa mahali anapofika. Anayekwenda kusoma Kindu au Bukavu huandikiwa na kuombewa mbele ya wote. Salamabila nako kuna makanisa, na baadhi ni ya jumuiya zetu wenyewe. Lakini kijana anayekwenda kuchimba huondoka usiku bila barua, maana anajua akiaga atakemewa; na wachungaji wa kule hukutana naye kwa mara ya kwanza siku anapoletwa akiwa mgonjwa.