Nchi za Kufikirika Juu ya Ubao: Chimbuko la Ramani za Michezo ya Mikakati

Ramani ya nchi isiyokuwapo inayotumiwa katika mchezo wa mikakati, yaani mchezo ambao mchezaji huongoza majeshi na dola nzima badala ya mhusika mmoja, ina asili mbili zilizokaa mbalimbali kwa karibu miaka 200. Upande mmoja ziko ramani za vitabu vya hadithi, na upande wa pili ziko mbao za Kijerumani za kufundishia vita. Asili ya kwanza ndiyo hutajwa zaidi, pengine kwa sababu hupendeza macho, lakini ya pili ndiyo iliyoiathiri zaidi kazi ya wabunifu.

Kitabu cha Thomas More, Utopia, kilichapwa Leuven mwaka 1516 kikiwa na mchoro wa kisiwa chake. Robert Louis Stevenson naye alianza Treasure Island mwaka 1881 kwa kuchora ramani, ndipo hadithi ikafuata. Na ramani hiyo ilipopotea kabla ya kumfikia mchapishaji, ilimlazimu akipitie kitabu chake upya na kukusanya kila tamko la umbali na mwelekeo, ili achore ya pili isiyopingana na maandishi, ambayo hata hivyo hakuipenda kama ile ya awali. Ramani za Dunia ya Kati ya J.R.R. Tolkien, zilizochorwa na mwanawe Christopher, zilipotoka kuanzia mwaka 1954, ziliwazoesha wasomaji wengi kutarajia milima, misitu na magofu katika kurasa za mwanzo au za mwisho za kitabu cha namna hiyo. Hata hivyo hadithi inaweza kwenda bila ramani. Shaaban Robert aliisimulia Kusadikika, nchi iliyo angani, kwa safari za wajumbe waliotumwa pande sita, yaani mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini, na msomaji huzifuata bila kuuliza ni maili ngapi. Mchezo hauna nafasi hiyo, kwa kuwa mchezaji hana budi kujua jeshi lake litafika wapi kabla zamu yake haijakwisha.

Haja hiyo ilishughulikiwa kwanza na watu wasiojali hadithi hata kidogo. Mwaka 1780 Johann Christian Ludwig Hellwig wa Braunschweig aliupanua ubao wa sataranji ukawa na miraba zaidi ya 1,600, akaipaka rangi mbalimbali kuonyesha nchi tambarare, milima, maji na kinamasi, na kila rangi ikawa na amri yake juu ya nani apite na nani azuiwe. Mwaka 1812 Georg Leopold von Reisswitz alimwonyesha mfalme wa Prussia meza yenye vigae vya mandhari vilivyoweza kupangwa na kupanguliwa, hivi kwamba nchi mpya, isiyopatikana popote duniani, ilizaliwa kila mara mchezo ulipoanza. Huenda hiyo ndiyo nasaba ya karibu zaidi ya ramani za leo, ingawa mwanawe aliiacha njia hiyo mwaka 1824 alipotoa kanuni mpya za mchezo huo, akatumia ramani za kijeshi zenye kipimio cha 1:8,000, ambamo sentimita moja husimama badala ya meta 80.

Hatua iliyofuata ilitokea Marekani. Charles S. Roberts, mwanzilishi wa kampuni ya Avalon Hill, aliuchapisha mchezo wa Gettysburg mwaka 1958 ukiwa na miraba, kisha mwaka 1961 akautoa upya ukiwa na pembesita, yaani maumbo yenye pande sita zilizo sawa. Sababu yake ni ya kihisabati. Katika miraba, kete inayokwenda mshazari husafiri umbali unaozidi kwa takriban asilimia 41 ule wa kete inayokwenda moja kwa moja, ilhali zote mbili zimehesabiwa hatua moja. Katika pembesita, vitovu vya majirani wote sita viko mbali sawasawa. Pamoja na hayo, kingo za pembesita hufuata mikunjo ya mto au ufukwe kwa urahisi kuliko kingo za mraba.

Asili hizo mbili zilikutana waziwazi mwaka 1975, Greg Stafford alipoanzisha kampuni ya Chaosium huko California ili kuchapisha mchezo wake wa White Bear and Red Moon. Stafford alikuwa akiibuni dunia ya Glorantha tangu mwaka 1966 kwa njia ya visa na ngano, na katika mchezo huu aliichukua sehemu moja tu, Dragon Pass, njia ya milimani ambamo ufalme wa Sartar unapambana na Dola ya Mwezi. Ramani yake, iliyochorwa na William Church, ina pembesita za wanamikakati, lakini milima na misitu yake ina wenyewe: wako viumbe wa ukoo wa joka na mataifa mengine yasiyofungamana na upande wowote, ambayo mchezaji huyavuta kwake kwa diplomasia. Chaguo la eneo lilikuwa la busara kuliko hata uzuri wa mchoro, maana njia ya mlimani huyalazimisha majeshi kukutana, wakati uwanda mpana huyaruhusu kukwepana mpaka mchezo ukachusha. Wabunifu wengi waliomfuata walijaza ramani zao majina ya kutisha na majumba ya kichawi, wakasahau kumnyima mchezaji njia ya mkato, na ramani za namna hiyo hazichezeki.

Kompyuta ziliondoa kazi ya kuhesabu, lakini hazikuliondoa swali la umbo. Civilization ya Sid Meier, iliyotoka mwaka 1991 na kuweza kuunda dunia mpya kila mchezo ulipoanza, ilitumia miraba ambayo mwendo wa mshazari ulihesabiwa sawa na wa moja kwa moja, kasoro ileile ambayo Roberts alikuwa ameiepuka. Mfululizo huo ulihamia kwenye pembesita katika toleo lake la tano, mwaka 2010.