Dhahabu: Sifa Zake, Uchenjuaji Wake na Tahadhari kwa Mchimbaji Mdogo

Dhahabu ni metali adimu na yenye thamani kubwa inayochimbwa katika maeneo mengi ya Tanzania, yakiwemo Geita, Mara na Shinyanga katika Kanda ya Ziwa, Mbeya na Songwe upande wa kusini magharibi, pamoja na Singida katika uwanda wa kati. Usimamizi wa rasilimali hiyo uko chini ya Wizara ya Madini, yenye ofisi zake katika Mji wa Serikali, Mtumba, jijini Dodoma, na Tume ya Madini, inayotoa leseni na kukagua shughuli za migodini.

Uchimbaji wa kisasa katika uwanda wa kati si jambo geni. Mgodi wa Sekenke, ulioko Iramba mkoani Singida, ulianza wakati wa utawala wa Wajerumani, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Mwaka 1916, utawala huo ulipokuwa umezingirwa na kukatiwa mawasiliano na Ulaya, dhahabu ya Sekenke ilitumika mjini Tabora kutengenezea sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo.

Kitaalamu, dhahabu hutambulika kwa alama Au na namba ya atomiki 79. Huyeyuka katika nyuzijoto 1,064 za Selsiasi. Haishiki kutu, na asidi moja moja za kawaida haziimudu, isipokuwa mchanganyiko wa asidi ya nitriki na ya hidrokloriki. Ni laini kiasi kwamba gramu 1 huweza kufuliwa hadi kuwa utando wenye eneo la takriban mita 1 ya mraba. Aidha, ni nzito mno: ujazo wa lita 1 ya dhahabu una uzito wa kilo 19.3, wakati ujazo kama huo wa maji una kilo 1.

Uzito huo ndio msingi wa uchenjuaji wa awali. Tani moja ya mbale kwa kawaida huwa na gramu chache tu za dhahabu, hivyo mawe husagwa kwanza katika karasha, kisha unga wake huoshwa kwa maji juu ya ubao wa mteremko uliotandikwa magunia au zulia. Mchanga mwepesi huchukuliwa na maji, na chembe nzito hubaki.

Ili kukusanya chembe hizo, wachimbaji wadogo wengi hutumia zebaki, ambayo hushikamana na dhahabu na kufanya donge. Donge hilo likichomwa, zebaki hugeuka mvuke na dhahabu hubaki. Mvuke huo hauonekani wala hauna harufu, lakini ukivutwa hudhuru ubongo, mishipa ya fahamu na figo, na mtoto aliye tumboni huathirika zaidi. Zebaki inayofika mitoni na ziwani huingia katika samaki na kurudi mezani kwa wananchi. Pamoja na madhara hayo, mara nyingi njia hii huacha zaidi ya nusu ya dhahabu katika mchanga wa marudio.

Njia ya pili ni ya sayanidi, iliyobuniwa nchini Scotland mwaka 1887. Kimiminika cha sayanidi, kikiwa na chokaa na hewa ya kutosha, huyeyusha dhahabu iliyomo katika mchanga. Dhahabu hiyo hunaswa na kaboni, huondolewa kwa kimiminika cha moto, hukusanywa kwa umeme na hatimaye huyeyushwa kuwa mkuo. Njia hii huweza kupata zaidi ya asilimia 90 ya dhahabu, lakini nayo ni sumu kali: sayanidi ikikutana na asidi hutoa gesi inayoua. Mabwawa ya majitaka yake sharti yazuie uvujaji.

Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu Zebaki, ulioanza kutumika kimataifa mwaka 2017. Mkataba huo unazitaka nchi kuchukua hatua za kukomesha mambo manne: kuchanganya zebaki na mbale yote bila kuichambua kwanza, kuchoma donge mahali pa wazi, kulichoma katika makazi ya watu, na kutia sayanidi katika marudio ambayo bado yana zebaki. Jambo la nne husahaulika zaidi, ilhali sayanidi huyeyusha pia zebaki na kuirahisishia safari ya kufika katika vyanzo vya maji.

Kwa sababu hiyo, mchimbaji ambaye hajaiacha zebaki anashauriwa kutumia chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke, ambacho pia humrudishia zebaki yake, na kutochomea donge jikoni wala karibu na watoto na wajawazito. Leseni ndogo ya uchimbaji, inayotolewa kwa Watanzania pekee, hudumu miaka 7 na huweza kuhuishwa. Dhahabu iliyopatikana inapaswa kuuzwa katika masoko ya madini, yaliyoanzishwa kuanzia mwaka 2019, ambako hupimwa uzito na usafi kabla ya kulipiwa mrabaha. Huko mchimbaji hupata bei inayojulikana na Taifa hupata stahiki yake.