Waoblati wa Benedikto na mpaka wa 1887

Agosti 1890, Askofu Raoul de Courmont na mapadre Alexandre Le Roy na Auguste Gommenginger walifika Kilema, wakapokewa na Mangi Fumba, mtawala wa Wachagga wa huko. Mwaka uliofuata misheni ikafunguliwa, ya kwanza ya Kikatoliki katika miteremko ya Kilimanjaro. Wageni hao walikuwa Mapadre wa Roho Mtakatifu, si Wabenediktini. Ndiyo maana mlei wa Kilema anayetaka kuwa mwoblati wa Mtakatifu Benedikto, yaani mlei anayejifunga na monasteri ya Kibenediktini huku akiishi nyumbani kwake, hana abasia jirani ya kupiga hodi.

Mpaka ulichorwa mapema. Novemba 1887 Roma iliimega Vikarieti ya Zanguebar: kusini ikapewa Wabenediktini wa St. Ottilien, Ujerumani, kaskazini ikabaki mikononi mwa Mapadre wa Roho Mtakatifu. Wabenediktini walifika 1888 wakaanzia Pugu. Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri, misheni ilivamiwa na watawa watatu wakauawa. Hawakukata tamaa. Peramiho ilianzishwa 1898, Ndanda 1906, ingawa katikati, Agosti 1905, Askofu Cassian Spiss na wenzake wanne waliuawa katika vita vya Maji Maji. Miaka ya 1950 ikazaliwa monasteri ya Hanga, mkoani Ruvuma, kwa ajili ya watawa Waafrika. Nayo ikaizaa Mvimwa, Rukwa, mwaka 1979.

Uoblati wenyewe ni mkongwe kuliko abasia hizo zote. Sura ya 59 ya Kanuni ya Benedikto, iliyoandikwa karne ya 6, inaeleza wazazi wanavyomtoa mtoto wao kwa monasteri: mkono wake na hati ya ombi huviringwa katika kitambaa cha altare. Desturi ya kutoa watoto ilikoma. Walei watu wazima wakaendelea kujitoa wenyewe huku wakibaki majumbani mwao. Mmarekani Dorothy Day, mwandishi wa habari na mtetezi wa maskini, alikuwa mmoja wao kuanzia 1955.

Njia ya uoblati haina haraka. Mwombaji hupokelewa, hupitia malezi ya mwaka mmoja au zaidi, kisha hutoa ahadi kwa maandishi na kuitia sahihi altareni. Ahadi hiyo si nadhiri ya kitawa. Mwoblati hubaki na ndoa yake, shamba lake na parokia yake; husali Masifu ya asubuhi na jioni kadiri awezavyo, na huisoma Kanuni. Hujifunga na monasteri moja tu. Mchagga hatapata taabu kulielewa hilo: anaweza kufanya kazi Dar es Salaam miaka thelathini, lakini kihamba chake, yaani shamba la ukoo, kikabaki Kilema.

Basi anayeguswa na wito huu asianze na fomu. Azungumze kwanza na paroko wake, aiandikie abasia, kisha afunge safari akakae na watawa siku kadhaa, asali na kufanya kazi nao. Ahadi ya kudumu haitolewi kwa nyumba usiyoijua.