Sabuni ya Zebaki na Daawa ya Pamoja: Historia ya Ufuo wa Kisumu

Miaka ya 1990 ilipokuwa ikielekea ukingoni, walifika katika nchi zinazolizunguka Ziwa Victoria wanazuoni kutoka Japani, na miongoni mwao alikuwamo tabibu Masazumi Harada, ambaye tangu ujana wake alikuwa akiwatazama na kuwatibu watu walioharibiwa na sumu ya zebaki. Lililowaleta lilikuwa dhahabu. Wachimbaji wadogo wa Geita nchini Tanzania, kama wenzao wa Migori nchini Kenya, huishika dhahabu kwa zebaki na kisha huichoma zebaki ikapaa kwa moshi, na ilihofiwa kwamba moshi huo, ukishuka na mvua, ungeingia ziwani, uingie katika samaki, na hatimaye uwafikie watu wanaowala samaki hao kila siku ya Mungu.

Wakapima nywele za wachimbaji, wakapima za wavuvi na za watu wa mjini Mwanza, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 1999 yalikuwa kinyume cha matarajio, kwa kuwa baadhi ya waliokutwa na zebaki nyingi kupita kiasi hawakuipata mgodini wala katika chungu cha samaki, bali katika sabuni ya kuogea. Mwaka 2001 ikatoka taarifa nyingine, na hii ilihusu upande wa Kenya: watu wanaokaa kando ya ziwa, waliokuwa wakiogea sabuni ya kung'arisha ngozi, walikuwa na zebaki tele katika nywele zao, na wengine walilalamika kutetemeka, kuchoka bila kazi, kizunguzungu na mabaka ya ngozi. Ziwa lilikuwa limetuhumiwa bure, na mwenye hatia alikuwa amefungwa katika karatasi nzuri yenye manukato.

Zebaki huizuia ngozi isitengeneze rangi yake, na hiyo ndiyo hila yote ya biashara hiyo. Katika sabuni aghalabu hutiwa iodidi ya zebaki, baina ya asilimia 1 na 3, na katika krimu hutiwa zebaki ya amonia. Walakini kitu kinachopenya ngozi hakina adabu ya kukoma pale alipotaka mwenye kujipaka, bali huendelea hadi kwenye figo na mishipa ya fahamu, na huko hukaa. Wala hapakuwa na udhuru wa kusema kwamba madhara hayo hayakujulikana. Mwaka 1972 matabibu wa Nairobi walichapisha habari za wagonjwa 60, wote watu wazima, waliokuwa wakivimba miili kwa sababu figo zao zilivujisha protini, na 32 katika hao walikuwa wakijipaka krimu zenye zebaki ya amonia ya asilimia 5 hadi 10. Miaka minne baadaye, mwaka 1976, Jumuiya ya Ulaya iliharimisha zebaki katika vipodozi vya watu wake. Lakini kutengeneza sabuni hiyo kwa ajili ya kuwapelekea watu wa mbali hakukuharimishwa, na viwanda vya huko viliendelea kuipakia melini. Hata ulipofika mwaka 2003 ndipo Ulaya ilipozuia pia kuisafirisha. Ni miaka 27, na katika miaka hiyo ngozi ya mtu wa Ulaya ilihesabiwa kuwa na hadhi ambayo ngozi ya mtu wa Kisumu au wa Kendu Bay haikupewa. Sipati maneno ya upole ya kulieleza jambo hilo, wala sidhani kwamba linastahili upole.

Tujiulize basi, mwanamke aliyeogea sabuni ile kwa miaka, akaambiwa kwamba figo zake zimeingiwa na sumu, angelipeleka wapi shauri lake? Na kama walikuwapo wenzake mia, kila mmoja na maradhi yake na kipande chake cha sabuni, je, sheria ingewaruhusu kuingia mahakamani kwa mlango mmoja? Jawabu lake lina historia ndefu, na sehemu ya historia hiyo ni ya mji wa Kisumu wenyewe.

Reli ilifika ufuoni mwezi wa Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, na mwaka uliofuata nchi hiyo ikatolewa katika Uganda ikatiwa katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Pamoja na mabehewa ikaja sheria, nayo ilikuwa sheria ya Kiingereza kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, ikisaidiwa na kanuni zilizotungwa kwa ajili ya Bara Hindi. Katika sheria hiyo ilikuwamo kaida ya zamani kwamba watu wengi wenye maslahi mamoja waweza kumtoa mmoja wao awadaie wote. Lakini mwaka 1910 Mahakama ya Rufani ya London iliibana kaida hiyo hata ikakaribia kukata roho. Meli moja ya Kiingereza ilikuwa imezamishwa na manowari ya Kirusi katika vita vya Urusi na Japani, na wenye shehena wakataka kudai pamoja. Mahakama ikasema kwamba kila mmoja ana mkataba wake na hasara yake, na kwamba fidia haidaiwi kwa uwakilishi. Hukumu hiyo ya watu wa bandari za mbali ndiyo iliyokuja kumkaba mnunuzi wa kawaida katika makoloni yote, kwani mtu aliyedhurika na bidhaa hadai kitu kingine ila fidia.

Mambo hayo yalikwenda kinyume kabisa na tabia ya watu wa ufuo huu, ambao walijua kulalamika kwa pamoja. Tarehe 23 Desemba 1921 walikusanyika Lundha, katika nchi ya Gem, wakaunda chama kilichoitwa kwa Kiingereza cha vijana wa Kavirondo na ambacho wenyewe walikiita Piny Owacho, Jonathan Okwiri akiwa mwenyekiti wake; wakaandika malalamiko yao juu ya kipande, juu ya kodi, juu ya kazi za kulazimishwa na juu ya nchi yao kugeuzwa koloni, na hawakuridhika na afisa wa wilaya, bali walimtaka Gavana mwenyewe. Mwezi wa Julai 1922 Gavana Edward Northey akaja kuwasikiliza Nyahera, karibu na Kisumu, na mwaka huohuo kodi ikapunguzwa. Nalitaja jambo hili kwa makusudi, kwa sababu husemwa mara nyingi, na watu wenye elimu, kwamba wananchi wetu hawakuzoea kudai haki kwa umoja. Walizoea. Barazani walisimama maelfu kwa sauti moja wakasikilizwa. Mahakamani waliambiwa waingie mmojammoja.

Miaka kumi baada ya baraza la Nyahera, yaani mwaka 1932, mabwana wa sheria huko London walitoa hukumu ambayo kila mwanafunzi wa sheria wa Kenya huisoma, ya mwanamke wa Uskochi aliyenywa kinywaji cha tangawizi katika mkahawa wa mji wa Paisley, na chupa ilipomiminwa tena, kwa madai yake, pakatoka mabaki ya konokono yaliyooza. Hakuinunua yeye, alinunuliwa na rafiki, basi hakuwa na mkataba na mtu yeyote. Hata hivyo mabwana watatu kati ya watano wakaamua kwamba mtengenezaji anawajibika kwa mtumiaji wa mwisho. Tangu hapo mlango ulikuwa wazi, lakini ulikuwa mwembamba, wa kupita mtu mmoja aliyejua ni kiwanda gani kilichomdhuru na aliyekuwa na wakili. Mnunuzi wa sabuni iliyopitia mikono ya wachuuzi wengi, ambayo mtengenezaji wake yuko ng'ambo na hati ya kuitwa mahakamani haimfikii ila kwa idhini maalumu, angegharimika zaidi ya fidia yote aliyoitumaini.

Ajabu ni kwamba nchi aliyotoka tabibu Harada ilikuwa imekwisha kuonyesha njia. Katika ghuba ya Minamata kiwanda cha kampuni ya Chisso kilimwaga zebaki baharini hadi mwaka 1968, ingawa maradhi yalikuwa yametambuliwa rasmi tangu 1956, na mwaka 1959 kampuni iliwapa wagonjwa pesa kidogo za pole kwa sharti kwamba wasidai tena. Mwaka 1969 jamaa 29 walikataa kunyamaza, wakaungana, wakafungua daawa katika mahakama ya Kumamoto. Na tarehe 20 Machi 1973 mahakama ikaamua kwamba kampuni ina hatia, ikavunja ule mkataba wa pole kwa kuwa uliwadhulumu watu waliokuwa taabuni, na ikaamuru fidia iliyofika yeni milioni 18 kwa waliokufa na walioumia sana. Harada alikuwa miongoni mwa matabibu waliosimama upande wa wagonjwa. Kwa hiyo aliyekuja kuzitazama nywele za watu wa ziwa alikuwa mtu aliyeshuhudia kwa macho yake kwamba sumu ileile, ikidaiwa na watu walioshikamana, huwa na bei ambayo mwenye kiwanda hulazimika kuilipa.

Kenya ilikawia, lakini ilipoamka iliamka kwa kishindo. Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 inampa mlaji, katika kifungu cha 46, haki ya kupata bidhaa za ubora wa kuridhisha, kulindwa siha yake, na kulipwa fidia kwa hasara au majeraha yatokanayo na kasoro za bidhaa. Na kifungu cha 22 kinamruhusu mtu kuiendea mahakama kwa niaba ya kundi zima la watu, au kwa maslahi ya umma. Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012 ikaongeza kwamba mlaji aweza kuanzisha daawa kwa niaba ya wenzake au kujiunga na iliyokwisha kuanzishwa, hata kama mkataba aliotia saini ulimkataza; na hapa msomaji ataikumbuka ile hati ya pole ya Minamata. Kanuni za mwaka 2013 zikalegeza hata namna ya kuandika, hata barua ya kawaida yaweza kupokewa kuwa shauri la haki za binadamu.

Kwamba haya si wino mtupu tumeona Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, ambako wakazi wapatao 3,000 walisumishwa na madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Wakiongozwa na Phyllis Omido walidai kwa pamoja, wakapewa shilingi bilioni 1.3 mwezi wa Julai 2020, wakanyang'anywa ushindi katika Mahakama ya Rufani mwaka 2023, na wakarudishiwa na Mahakama ya Juu mwezi wa Desemba 2024. Ile ilikuwa sumu ya hewa na udongo, wala haikuwa ya bidhaa dukani, lakini walioupitia mlango huo wameuacha wazi.

Kwa mwenye kuumia kwa sabuni au krimu limebaki jambo la wakati na la ushahidi, na hayo mawili yana uzito kuliko ufasaha wa wakili. Sheria ya ukomo humpa mdai wa majeraha miaka mitatu, na ingawa mahakama yaweza kumwongezea aliyekuwa hajui chanzo cha maradhi yake, zebaki huenda polepole na kumbukumbu za wauzaji huenda mbio. Mkataba wa kimataifa uliopewa jina la Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017, umeharimisha vipodozi vya zebaki, na bado vinaonekana masokoni. Idara ya Mkemia wa Serikali ina maabara papa hapa Kisumu. Karatasi ya sabuni isiyotupwa, risiti hata ikiwa ya kibanda, cheti cha hospitali chenye tarehe, na jibu la maabara lililoandikwa kwa jina la bidhaa: vitu hivyo vinne vikiwekwa na watu ishirini wa Kaloleni, Dunga na Kendu Bay, vyatosha kufungua jalada moja katika Mahakama Kuu ya Kisumu.