Kamba Kwenye Meno

Kambi ya Kibo, Kilimanjaro, mita 4,720 juu ya usawa wa bahari, nilishindwa kufunga kamba za viatu vyangu. Nikacheka. Niliona ni kichekesho tu, vidole vimegoma. Mwongozaji wetu hakucheka. Alinitazama machoni, akasema, "Dada, tunashuka."

Nilinuna njia nzima. Nilikuja kumwelewa baadaye sana, niliposoma habari za James Glaisher.

Tarehe 5 Septemba 1862, Glaisher, mtaalamu wa hali ya hewa kutoka Greenwich, alipaa kwa puto kutoka Wolverhampton, Uingereza, akiwa na rubani wake, Henry Coxwell. Puto lilijazwa gesi ya makaa ya mawe, ile ile iliyowasha taa za mitaani: nyepesi kuliko hewa, lakini hushika moto upesi. Ili kushuka, rubani alivuta kamba iliyofungua vali kileleni mwa puto, gesi itoke. Hawakubeba oksijeni. Walibeba vipimo na njiwa sita.

Njiwa wa kwanza aliachiwa maili tatu juu. Alikunjua mabawa, akaanguka kama karatasi. Mwingine, juu zaidi, alianguka kama jiwe. Glaisher aliyaandika yote hayo kwa utulivu.

Walipofika futi 29,000, karibu sawa na kimo cha Everest, aliutaka mkono wake usogee, ukakataa. Kichwa kikalalia bega. Alimwona Coxwell kwa ukungu, akataka kusema naye, ulimi haukutii. Kisha giza.

Puto lilikuwa likizunguka njia nzima, na kamba ya vali ilikuwa imenasa. Coxwell alikuwa amepanda kwenye pete iliyo juu ya kikapu ili kuikwamua. Baridi ikamgandisha viganja vikawa vyeusi, akalazimika kujishusha kwa viwiko. Mikono haikushika tena kitu. Basi akaiuma kamba kwa meno, akainamisha kichwa mara mbili tatu, mpaka vali ikafunguka.

Glaisher alizinduka baada ya dakika kama saba. Aliimwagia brandi mikono ya mwenzake, akachukua penseli, akaendelea kupima.

Mwaka 1875, Wafaransa watatu walipaa na puto la Zénith, wakiwa na mifuko ya oksijeni. Wakalegea kabla ya kuitumia ilivyopasa. Croce-Spinelli na Sivel walikufa humo kikapuni. Tissandier alipona, lakini akawa kiziwi. Dawa ilikuwa karibu nao. Nguvu ya kuifikia ndiyo iliyokwisha kwanza.

Hapo ndipo ninapoogopa hata leo. Hewa haba huanza kumwibia mtu akili ile ile ambayo ingemwambia kwamba ameibiwa. Glaisher alikuwa na vipimo vya kila namna, lakini kilichomwokoa ni mwenzake aliyebakiwa na meno.

Mwongozaji wangu sikumshukuru siku ile. Nilimwambia amenikosesha picha ya kileleni.